Starehe Kigamboni, aibu Kibondo!

Najua umezoea kuniona hapa nikikupeleka ufukweni na kwenye kumbi za muziki, lakini wiki hii mtembezi wako nimetoka mbali. Nimetoka Kigoma, tena siyo ile Kigoma ya ziwani yenye migebuka na mawese. Nasema ile ya juu milimani, Kasulu na Kibondo, kwetu Buha, ambako asubuhi unaoga maji ya moto upende usipende. Na sikwenda kutalii. Nilitumwa na dada yangu kwenda kuzima soo lililoanzia kwenye bembea za Kigamboni.

Ngoja nikupe mkanda wenyewe tangu mwanzo.

Dada yangu mkubwa anakaa Mbagala, anauza vitenge. Krismasi iliyopita watoto wawili wa kaka yetu walitoka Kasulu kuja Dar kumtembelea shangazi yao. Sasa mtoto wa Kasulu akifika Dar ana mambo matatu kichwani: bahari, treni ya umeme na zile bembea kubwa. Usidhani ni washamba. Fun City ya Kigamboni walikuwa wameshaiona yote kwenye simu ya jirani, wanajua bomba la kuteleza na maji liko upande gani, mimi niliyezaliwa Temeke sijui. Wakaanza wimbo. Asubuhi Fun City, mchana Fun City, usiku mdogo anaiota.

Piga hesabu mwenyewe. Watoto wa kaka wawili, wa dada wawili, dada mwenyewe, na mimi mjomba mtu ambaye kama kawaida nilikuwa nimechacha. Viingilio, nauli, chipsi, soda, na yule mdogo lazima apoteze ndala inunuliwe nyingine. Dada akageuza mikoba yote, hakuna kitu. Hapo ndipo lilipompitia tangazo kwenye simu: mkopo dakika tano, bila dhamana, bila mdhamini, bila maswali.

Uongo. Maswali yalikuwepo. Ile programu, ambayo jina lake nalimeza, ilimuuliza: ruhusu tuone namba zako? Akabonyeza ruhusu. Ruhusu tuone picha zako? Ruhusu. Ruhusu tusome meseji? Ruhusu. Usimcheke, hata wewe ungebonyeza, tena bila kusoma. Akaomba sh. 80,000, zikaingia sh. 56,000, zilizobaki eti gharama, na baada ya siku saba arudishe 80,000 kamili.

Basi bwana, tukaenda. Kutoka Mbagala tungeweza kupita Kongowe tukatokea Kibada, lakini watoto walitaka pantoni, kwa hiyo tukazunguka hadi feri. Siku hiyo sitaisahau. Dada yangu ni mtu wa kununa, maisha yamemnunisha, ila siku hiyo alipanda kwenye lile bomba na mtoto mdogo mapajani, wakashuka na maji, akafika chini amelowa chapachapa, kinywa wazi, pengo lote nje, anacheka kama msichana wa darasa la nne. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika simu yake. Nikapiga picha. Tena nikajirushia kwenye simu yangu nikaiweka WhatsApp kwenye status: "Da' Mkubwa ndani ya Kigamboni!" Watu sitini na ushee wakaiona.

Januari ikaingia na ada zake. Siku saba zikawa kumi, kumi zikawa ishirini.

Siku ya ishirini na moja simu yangu ikalia meseji. Namba siijui. Ndani kuna ile picha, ile ile niliyopiga mimi, dada anacheka, mtoto amekatwa nusu lakini mkono wake unaonekana umemshika shangazi yake shingoni. Juu yake maandishi mekundu: TAPELI ANATAFUTWA. Chini, jina lake kamili, na maneno haya: "Mtu huyu amekuweka wewe kuwa mdhamini wake. Mwambie alipe au tutakufuata."

Haikuja kwangu tu. Ilikwenda kwa kila namba iliyokuwa kwenye simu ya dada: wateja wake wa vitenge, mwenye nyumba, fundi bomba, mwalimu wa mtoto, mama yetu Kasulu, katekista wa Kasulu, hadi Baba Mkubwa wa Kibondo. Baba Mkubwa ana kitochi, picha haifunguki, akapata maandishi matupu. Lakini kijana mmoja wa kwaya akamsaidia kwa kumwonyesha picha kwenye simu yake. Asante sana kijana wa kwaya.

Na hapo ndipo penye kimbembe. Mtoto wa mwisho wa Baba Mkubwa anaoa, Jumamosi ya baada ya Pasaka, Kibondo. Dada yangu ndiye aliyepangwa awaongoze wanawake kumpokea bibi harusi. Baba Mkubwa akapiga simu, akaongea sekunde kama kumi: "Mwizi hatampokea mkwe wangu." Akakata.

Dada akalia siku mbili. Siku ya tatu akanikalisha kitako akanipa vidonge vyangu: picha ulipiga wewe, kwa hiyo Kibondo utakwenda wewe. Mtu mzima nikawa mdogo kama piritoni.

Nikapanda basi pale Magufuli, Mbezi, giza bado halijatoka. Safari ya Kigoma siyo ya kusimulia kwa dakika moja. Unapita Dodoma unasema bado, unapita Tabora unasema karibu, kumbe bado tena. Tukapita Kaliua, tukavuka Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete, tukafika Uvinza penye chumvi, kisha gari likaanza kupanda milima. Ukiona abiria wanatoa masweta kwenye mifuko ujue Kasulu imekaribia.

Kasulu asubuhi ni mji wa moshi na ukungu. Migomba imeshuka mabondeni, udongo mwekundu umekushika viatu, na sokoni magunia ya maharage yamesimama kama watu waliopanga foleni. Kitu cha kwanza ni salamu. Mwidiwe! Mwidiwe! Na haiishii hapo. Unaulizwa wa nyumbani, wa njiani, mvua ya huko, bei za huko. Wazee wengine wanakupigia na makofi ya taratibu. Kwa Kiha changu cha Temeke nilikuwa naishiwa maneno kabla ya mtu kumaliza kuniuliza habari za mama yangu ambaye anamwona kila siku yeye, siyo mimi.

Nikadhani nitajificha. Thubutu! Sijamaliza kushusha begi stendi, kijana wa bodaboda ananitazama kwa makini.

"Wewe si mdogo wake yule mama wa Kigamboni?"

Nikamwambia siyo mimi. Akasema sura ni ile ile, akanichukua, akanipeleka hadi mlangoni kwa mama bila kuuliza njia. Halafu akagoma kupunguza bei.

Sasa hapa nikwambie kitu kuhusu Kasulu. Ule mji hauna siri, na haukuwahi kuwa nayo. Mama ananunua dagaa, hajafika nyumbani jirani anajua ni kiasi gani. Enzi za Mwami Theresa Ntare, yule mama aliyekuwa chifu wa Heru miaka ya 1950, habari ilitembea kwa miguu kutoka kilima hadi kilima, na ilifika. Kwa hiyo nilikuwa nimejiandaa kumwambia mama: kuna tofauti gani? Mlikuwa mnasemana hata kabla ya simu, sasa mnashangaa nini?

Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Mwanangu, hapa maneno yana kwao," akasema. "Akisema mtu kwamba mimi ni mchawi, najua ni nani, najua anakaa wapi, kesho asubuhi nipo mlangoni kwake. Na yule anayenisema ndiye anayenikopesha chumvi. Hao walionitumia picha ya mwanangu, niende mlangoni kwa nani?"

Nikakosa jibu. Akaendelea kuchambua, halafu akasema jambo ambalo halikuwa limenijia kabisa. Wale watoto wawili tangu shule ifunguliwe wanaitwa "tapeli" na wenzao. Yule mdogo alikuwa anajulikana kwa mkono tu, ule mkono ulioshika shingo ya shangazi, wenye bangili ya shanga aliyosokotewa na bibi yake. Aliivua. Fun City yote aliyoiota mwezi mzima, sasa mtu akiitaja anaondoka.

Nikatoka nje nikafungua simu nikafuta ile picha. Najua haisaidii, ilishatoka. Nilifuta tu.

Jumapili ya Pasaka mchana nikapanda gari la Kibondo. Nikiwa darasa la tatu nilipita njia hii na marehemu baba, basi likiwa na askari wenye bunduki ndani kwa sababu ya majambazi, tukisubiriana magari yaondoke pamoja. Safari hii tulikwenda wenyewe. Barabara hii ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilometa 260, imo katika mradi wa lami uliokopeshewa fedha na Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mahali lami ilipo konda anapata muda wa kutongoza.

Baada ya Makere unaingia maeneo ya Nyarugusu, kambi iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na mwaka 2015 Warundi wakafurika nao. Ndani ya gari letu kulikuwa na kijana ana simu kubwa, anajirekodi, "tupo safarini, wana TikTok!" Akawa anazungusha simu abiria wote tuonekane. Kiti cha mbele yangu alikaa mama mmoja na mtoto mgongoni. Simu ilipomfikia alishusha khanga usoni haraka, kama mtu aliyerushiwa jiwe.

"Kaka, mimi nitoe humo," akasema taratibu.

Kijana akacheka, akamwambia mama wewe ni mrembo, unaogopa nini? Yule mama hakucheka. Akarudia: nitoe. Gari zima likanyamaza. Sikumuuliza katoka wapi wala anamkimbia nani, na wewe usiniulize. Huenda ni mume, huenda ni vita, huenda hapendi tu. Konda, yule yule wa kutongoza, ndiye aliyesimama akamwambia kijana futa au shuka. Akafuta. Nikakumbuka kwamba mimi dada yangu sikumuuliza kabla ya kuweka picha yake status. Nilimpiga akiwa amelowa, amefunga khanga, pengo nje, nikaona ni utani.

Tukavuka Malagarasi kwa mara ya pili, maana mto ule unazunguka sana, ukiuacha Uvinza unakungoja huku. Tukafika njia panda ya Nduta, kisha Kibondo.

Kibondo ni mji mdogo zaidi ya Kasulu, mpole, wenye asali. Ukifika hujapewa asali ujue hujafika. Mimi nilifika kwa Baba Mkubwa na sikupewa hata kiti.

"Shikamoo Baba Mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya yule?"

Nikasema ndiyo. Akaniacha nimesimama kama dakika tano akitengeneza redio. Ikabidi nianze kujieleza nikiwa wima, kama siku ile nilipokuwa namweleza marehemu baba matokeo yangu ya kidato cha nne. Nikamwambia hakuiba, alikopa, alikopa kwa ajili ya wajukuu zako, na amelipa. Kweli alilipa, mwezi wa pili, jumla sh. 130,000 kwa zile 56,000 alizopokea. Akaniuliza kama amelipa mbona wameandika tapeli? Nikamwambia waliandika kabla, na hawajafuta. Akaniuliza kwa nini yeye awekwe mdhamini bila kuulizwa? Nikamwambia hata dada hakukuweka, walichukua tu namba yako kwenye simu yake.

"Walichukuaje namba yangu? Mimi sijampa mtu."

Nikaona hapa maneno hayatoshi. Nikamwomba ile kitochi. Nikabonyeza *106#, nikachagua kuhakiki, akanitajia namba yake ya kitambulisho cha NIDA ambayo ameishika kichwani kama Baba Yetu. Tukangoja meseji.

Laini nne. Nne zimesajiliwa kwa jina lake na kidole chake. Baba Mkubwa ana laini moja tu maisha yake yote.

Hakusema kitu. Akavaa miwani, akasoma mwenyewe, akahesabu kwa kidole. Kisha akakumbuka. Wakati ule wa kusajili laini kwa alama za vidole, ulioanza mwaka 2019 na watu wakapewa mwisho Januari 20, 2020, alikwenda kwa wakala mmoja mwenye mwavuli. Yule kijana akamwambia mzee bonyeza. Akabonyeza. Haijasoma, mzee, bonyeza tena. Akabonyeza. Vidole vyako vimelika na jembe, bonyeza tena. Akabonyeza mara nne, na akamshukuru.

"Kwa hiyo," akasema, "kuna watu watatu huko wanaitwa mimi?"

Nikamjibu ndiyo, na wakimtapeli mtu wa Songea, jina litakalotoka ni lako. Unajua zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii"? Laini zake zinapatikana kwa njia kama hii. Baba Mkubwa akakaa. Halafu akaniambia na mimi nikae. Asali ikaja.

Tulikaa hadi usiku. Nikamsimulia kesi moja ya Marekani ambayo watu wa bembea watapenda kuisikia. Mwaka 2014 kijana wa miaka 14 alikwenda na wenzake wa shule kwenye bustani ya bembea ya Six Flags, jimbo la Illinois. Mama yake alishalipia tiketi ya msimu kwa mtandao. Getini wakamchukua mtoto alama ya kidole gumba. Aliporudi nyumbani mama akauliza makaratasi yako wapi, akaambiwa hakuna karatasi siku hizi, ni kidole. Mama akauliza ni nani kawaruhusu, na watakitunza hadi lini? Akashitaki. Kampuni ikasema mtoto hajaumia wala hajaibiwa, anadai nini? Januari 2019 Mahakama ya Juu ya Illinois ikasema siyo lazima aumie kwanza. Sheria yao ya mwaka 2008 inataka mtu aelezwe na akubali kwa maandishi kabla kidole chake hakijachukuliwa. Mwaka 2021 kampuni ikakubali kumaliza kesi kwa dola milioni 36.

"Huyo mama ana akili," akasema Baba Mkubwa. "Na huyu wa mwavuli nitamshitaki wapi?"

Swali zuri, na mtembezi wako huwa siishii kwenye bembea tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 3, 2024. Sheria hiyo inasema taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana na zisitumike kwa jambo jingine. Alama za vidole, miamala ya fedha na habari za watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Angalia basi soo letu: lilikuwa na mtoto, lilikuwa na deni, na Baba Mkubwa akaongeza kidole. Tumepiga zote tatu! Malalamiko yanapelekwa kwa Tume. Zile laini za ziada unakwenda ofisi ya kampuni ya simu, siyo kwa mwavuli, unazikana zifungwe. Namba ya tapeli unaituma kwenda 15040. Na kuhusu mikopo ya simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Ya dada ilikuwemo au haikuwemo, hilo nalo nalimeza.

Ila nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Dada ameandika malalamiko, amebandika na ile picha, anangoja. Kila anapoibandika watu wengine wawili watatu wanaiona. Hiyo ndiyo inayomkera kuliko yote, kwamba ili aseme ameaibishwa inabidi aionyeshe aibu yenyewe.

Baba Mkubwa hakuniambia amemsamehe. Wazee wa kwetu hawasemi hivyo. Kabla ya kulala alisimama mlangoni na taa, akauliza: "Hayo maji ya Kigamboni, mtu anateleza kutoka juu kiasi gani?" Nikamwonyesha: kama paa la kanisa. Akatikisa kichwa. "Na yeye alipanda?" Alipanda, Baba. "Na mtoto mapajani?" Na mtoto mapajani.

"Mwambie aje. Aje na hao watoto, wanieleze wenyewe."

Kesho yake Jumatatu ya Pasaka, Kibondo nzima ilikuwa nje. Uwanjani kulikuwa na bembea za sikukuu: gurudumu la mbao na vyuma, viti vinne, linazungushwa na vijana wawili wenye misuli, na mpiga picha wa kukodi anayetembeza bango la Mnara wa Eiffel la kusimamia nyuma. Watoto wanapiga kelele utadhani wamefika Florida. Baba Mkubwa, ambaye hajawahi kukanyaga pale, alikuja na fimbo yake, akasimama pembeni. Kuna kijana alikuwa anarekodi watoto juu ya gurudumu. Mzee akamsogelea, kwa heshima zote, akamuuliza: "Hiyo picha inakwenda wapi?"

Kijana akacheka, akasema haiendi popote mzee, ni kumbukumbu tu.

"Popote ni wapi?" akauliza Baba Mkubwa, na hakuondoka. Alisimama naye hadi kijana akachoka, akaweka simu mfukoni, akaenda kununua miwa.

Jioni nikampigia dada Mbagala. Nikamwambia njoo, mzee amesema uje. Kimya. Nikasikia anapenga kamasi. Nikamwambia Kasulu upitie umchukue yule mdogo, bibi yake anasokota bangili nyingine. Kimya tena.

"Ile picha," akasema, "umeifuta?"

"Nimeifuta, Da' Mkubwa. Status na kwenye simu, kote."

"Yote kabisa?"

"Yote."

Akafikiri kidogo.

"Sasa na wewe! Si ungenibakishia moja? Siku ile nilikuwa nimependeza."